Jinsi ya kusoma na kuunganisha pini za chipu ya DAC yenye chaneli nyingi

Chipu ya DAC hupokea namba kutoka kwa maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) na kuigeuza kuwa volteji, na ile yenye chaneli nyingi hufanya kazi hiyo kwa matokeo manne, manane au zaidi, yote yakitumia laini zilezile za data. Mwongozo huu unatumia mfano wa AD5668 ya kampuni ya Analog Devices, yenye chaneli 8 za biti 16 katika TSSOP, umbo dogo bapa la chipu, la pini 16, kwa sababu pini zake zinafanana kikazi na zile za chipu nyingi za aina hii. Anayeielewa vizuri hatapata shida kubwa kusoma mchoro wa chipu nyingine.

Kabla ya kuchora hata waya mmoja, chukua karatasi ya data, yaani hati ya mtengenezaji inayoeleza chipu, na ujiulize maswali matatu kwa kila pini: ni nani anayeiendesha, inakuwa katika hali gani kabla programu haijaanza kufanya kazi, na ni nini kitatokea ikiachwa hewani bila kuunganishwa. Nasisitiza maswali haya kwa sababu kosa kwenye pini za data hujionyesha mara moja, kwa kuwa hakuna kinachotoka, lakini kosa kwenye pini za kusasisha, za kufuta, za volteji ya rejea (volteji thabiti ambayo chipu hupimia matokeo yake) au za ardhi hujificha, na mara nyingi chipu nzima huondolewa kwenye bodi kwa kudhaniwa kuwa imekufa.

Anza na umeme. Pini ya 3 ni VDD, inayopokea kati ya volti 2.7 na 5.5, na pini ya 14 ni GND, yaani ardhi. Weka kapasita ya mikrofaradi 10 na nyingine ya seramiki ya mikrofaradi 0.1 kati ya hizo mbili, ile ndogo ikiwa karibu na chipu kadiri bodi inavyoruhusu. Usipitishe mkondo wa mota, wa rilei au wa taa kwenye njia ileile ya shaba inayorudi kutoka GND ya chipu. Hesabu inaonyesha sababu: ikiwa upeo wa matokeo ni volti 5, hatua moja ya biti 16 ni volti 5 ukigawanya kwa 65,536, ambayo ni idadi ya namba za biti 16, yaani takriban mikrovolti 76. Mkondo wa miliampea 5 ukipita kwenye kipande cha shaba chenye ukinzani wa omu 0.02 huzalisha mikrovolti 100, kwa hiyo hatua nzima imeshapotea ardhini kabla hujaanza kulalamikia programu.

Pini ya 8, VREFIN/VREFOUT, ndiyo inayostahili kusomwa polepole kuliko zote, kwa sababu ina kazi mbili zinazopingana. Chipu inapowashwa, pini hii ni pembejeo na volteji ya rejea ya ndani imezimwa. Ukiwa umepanga kutumia rejea ya ndani, ni lazima utume amri ya kuiwasha; usipofanya hivyo utaandika namba sahihi kwenye chaneli sahihi na bado hutapata volteji uliyoitarajia. Baada ya amri hiyo, pini hugeuka kuwa tokeo. Katika toleo la AD5668-2 rejea hiyo ni volti 2.5, na chipu huizidisha mara mbili ili upeo wa matokeo uwe volti 5. Ukichagua rejea ya nje, iunganishe hapo na usitume kabisa amri ya kuwasha ile ya ndani, kwa maana vyanzo viwili vitasukumana kwenye pini moja. Na ukitaka kuitumia rejea ya ndani kulisha sehemu nyingine ya saketi, weka amplifaya ya kati, usiivute moja kwa moja.

Angalia pia uhusiano kati ya rejea na VDD. Tokeo haliwezi kupanda juu ya volteji inayolisha chipu, hivyo mtu anayetumia VDD ya volti 3.3 pamoja na upeo wa volti 5 ataona matokeo yakipanda vizuri kisha yakigota, hata namba ikiendelea kuongezeka.

Pini za mawasiliano ni tatu: SYNC, ya kuanzisha na kumaliza ujumbe, kwenye pini ya 2, DIN, ya kupokea data, kwenye pini ya 15 na SCLK, ya mapigo ya saa, kwenye pini ya 16. Mstari unaochorwa juu ya jina SYNC katika karatasi ya data unamaanisha kwamba pini hiyo hufanya kazi inaposhushwa hadi sifuri. Ishushe, tuma biti 32 kupitia DIN, kisha ipandishe. Chipu husoma kila biti wakati SCLK inaposhuka, kwa hiyo SPI ya maikrokontrola, yaani njia yake ya kutuma data kwa laini hizi, ipangwe katika modi ya 1 au ya 2. Modi ya 0, ambayo maktaba nyingi za programu huanza nayo, husoma wakati saa inapopanda na haifai hapa. SYNC ikipandishwa kabla biti zote 32 hazijaisha, chipu hutupilia mbali ujumbe mzima. Ni tabia nzuri, kwani ujumbe uliokatika haubadilishi chochote, lakini humtatiza anayetuma baiti nne huku maktaba yake ikipandisha SYNC baada ya kila baiti.

AD5668 haina pini ya kurudisha data. Haiwezi kukujibu kwamba imepokea, hivyo uthibitisho pekee ni kupima matokeo yenyewe. Chipu za I2C, njia ya mawasiliano ya laini mbili inayoita kila chipu kwa anwani yake, ziko tofauti kidogo: MCP4728 ya Microchip, yenye chaneli 4 za biti 12 na pini 10, hutumia SDA (data) na SCL (saa), na ina pini ya RDY/BSY inayoonyesha kama EEPROM, kumbukumbu yake isiyofutika umeme ukizimwa, bado inaandikwa. Pini hiyo hushusha tu, haipandishi, kwa hiyo ukiitumia iwekee rezista inayoivuta kuelekea VDD.

Sasa LDAC, pini ya 1, ambayo ndiyo ya kusasisha. Kila chaneli ina rejista mbili, yaani hifadhi ndogo za namba: ya kwanza hupokea namba na kuishikilia, ya pili ndiyo inayoamua volteji. LDAC hufungua njia kati ya hizo mbili. Ukiiunganisha moja kwa moja na ardhi, chaneli itabadilika mara tu ujumbe wake unapokamilika, na hilo linatosha kwa kazi nyingi. Lakini ukihitaji chaneli zote zibadilike kwa wakati mmoja, kwa mfano unapoendesha mihimili miwili ya kioo cha leza ambapo kuchelewa kwa mhimili mmoja kunapinda mchoro, ishikilie LDAC juu, andika chaneli zote, kisha ishushe kwa muda mfupi. Kwenye MCP4728 jina ni lilelile na kazi ni hiyohiyo, ila LDAC yake hutumika pia wakati wa kubadilisha anwani ya I2C, hivyo usiifunge ardhini ikiwa unapanga kuweka chipu kadhaa kwenye laini moja na kuzipa anwani mwenyewe.

CLR, pini ya 9, hurudisha chaneli zote kwenye thamani ya kufutia, ambayo kwa kawaida ni volti 0, ingawa unaweza kuichagua iwe katikati au upeo. Inaposhuka, kufuta hutokea, na kwa muda wote inapobaki chini mipigo ya LDAC hupuuzwa. Kama huitumii, iunganishe na VDD. Usiiache hewani: pini inayoelea hunasa kelele, na matokeo yatakuwa yakirudi sifuri kwa nyakati zisizotabirika. Kama chipu inaendesha kifaa kinachoweza kuumiza mtu au kuharibu kitu, naona ni busara CLR ipelekwe kwenye swichi ya dharura, ili kufuta kusitegemee programu.

Matokeo yenyewe yamepangwa kwa namna inayowapotosha wengi. Hayafuati alfabeti kuzunguka chipu: pini za 4 hadi 7 ni VOUTA, VOUTC, VOUTE na VOUTG, na pini za 10 hadi 13 ni VOUTH, VOUTF, VOUTD na VOUTB. Kila tokeo lina amplifaya yake ndogo. Lipe mzigo usiopungua kiloomu 2, na kama unahitaji mkondo mkubwa zaidi weka amplifaya ya nje.

Jambo moja la usalama wa chipu kabla ya kuwasha: pini za kidijitali zisipate volteji ya juu kuliko VDD. Maikrokontrola iliyowashwa huku VDD ya chipu imezimwa hupitisha mkondo kupitia diodi za ulinzi za pini hizo, na chipu huweza kuharibika au kuanza kufanya kazi nusunusu.

Kisha jaribu. Ukiwa na AD5668-2, VDD ya volti 5 na LDAC ikiwa ardhini, washa rejea ya ndani na upime pini ya 8. Isome volti 2.5 kabla hujaendelea. Andika thamani tofauti kwa kila chaneli, kwa kupanda volti 0.5 kila mara: chaneli A namba 6554, B 13107, C 19661, na kuendelea hadi H 52429. Ukishuka na multimita kuanzia pini ya 4, utapata volti 0.5, 1.5, 2.5 na 3.5, upande wa pili, kuanzia pini ya 10, utapata 4.0, 3.0, 2.0 na 1.0. Mpangilio ukitofautiana na huo, kosa liko kwenye biti za anwani za ujumbe au kwenye mchoro wa bodi. Thamani zote zikiwa nusu au mara mbili ya ulizotarajia, rudi kwenye pini ya 8. Mwisho, itenganishe CLR na VDD kama uliiunganisha nayo, kisha igusishe na ardhi kwa muda mfupi: matokeo yote manane yashuke hadi sifuri na yabaki hapo mpaka uyaandikie tena.