Jinsi ya Kusafiri kwa Mtumbwi katika Mto Yukon, Kutoka Whitehorse Hadi Dawson

Mto Yukon huanzia katika maziwa ya British Columbia, nchini Kanada, hukatiza eneo la Yukon na jimbo la Alaska, kisha humwaga maji yake katika Bahari ya Bering baada ya mwendo wa kilomita 3,190 hivi. Kipande cha kutoka mji wa Whitehorse hadi mji wa Dawson, yote ya Yukon, takribani kilomita 700, kinamtosha anayetaka kuufahamu.

Panga kuondoka baada ya katikati ya Juni. Barafu ya mtoni huvunjika Mei, lakini ile ya Ziwa Laberge, lenye urefu wa kilomita 50 hivi, huchelewa kuyeyuka. Kwa maoni yangu ziwa hili ni la kuogopwa kuliko maporomoko, kwa kuwa upepo huinua mawimbi ghafla na baridi ya maji humlegeza hata mwogeleaji hodari. Vaa jaketi okozi wakati wote, piga kafi alfajiri ukiambaa na ufuko, na upepo ukichachamaa upande nchi kavu ungoje.

Baada ya kijiji cha Carmacks utafika maporomoko ya Five Finger Rapids, ambapo visiwa vinne vya mwamba huugawa mto katika mikondo mitano. Shika mkondo wa kulia kabisa na usiache kupiga kafi, maana mtumbwi uliopoteza mwendo hauongozeki.

Mahali ambapo kingo zimemomonyoka, chunguza mstari mweupe chini kidogo ya mizizi ya misonobari. Hayo ni majivu ya volkano yaliyotua zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ukiyasugua kwa vidole utahisi chembe zake zikikwaruza.

Tenga siku nzima kwa Fort Selkirk, kituo cha kale cha biashara, mkabala na mahali Mto Pelly unapoingia. Robert Campbell wa Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya manyoya, alifungua kituo cha biashara eneo hilo mwaka 1848, na mwaka 1852 Watlingit wa Chilkat, wenyeji wa pwani ambao biashara yao na wenyeji wa bara ilikuwa imeingiliwa, walikivamia na kukipora.

Mbele zaidi, mto uitwao White River huleta tope laini la barafuto (mto wa barafu), ambalo utalisikia likichakarisha ubavu wa mtumbwi. Kuanzia hapo chota maji ya kunywa kwenye vijito, uyachemshe. Piga kambi visiwani palipo wazi, upike mbali na hema na ufungie chakula katika vyombo visivyopitisha harufu, kwani dubu weusi na wa kahawia wako pande zote mbili. Usivue samoni aina ya Chinook: wamepungua mno, na mwaka 2024 Kanada na Alaska zilikubaliana kusitisha uvuvi wake kwa miaka 7.

Dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1896 karibu na Mto Klondike ilileta maelfu ya wachimbaji, na Watr'ondëk Hwëch'in, wenyeji wa hapo, wakahamia kijiji cha Moosehide. Dawson iko ukingo wa kulia, mara tu baada ya mdomo wa Klondike. Anza kusogea kulia mapema, kwani mkondo una nguvu za kukupitisha mji.