Maandalizi na Usalama katika Safari Ndefu ya Pikipiki

Anayejiandaa kwa safari ya mamia ya kilomita kwa kawaida huanza na chombo, na hapo hakosei. Akiishia hapo, hata hivyo, ameacha nusu ya kazi, kwa kuwa pikipiki iliyobeba mizigo haiendeshwi kama ile aliyoizoea, na mwili wake utachoka mapema kuliko injini.

Matengenezo yafanyike wiki moja kabla, wala si usiku wa kuamkia safari, ili kosa la fundi lijitokeze ukiwa karibu na nyumbani. Upepo wa matairi upimwe kabla pikipiki haijatembea, kwa sababu tairi lenye joto hutoa kipimo cha juu kuliko hali yake halisi, na kiwango kiwe kile ambacho mtengenezaji ameelekeza kwa pikipiki yenye mzigo. Soma pia tarakimu 4 za tarehe zilizopigwa ubavuni mwa tairi: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka hukakamaa na kushika barabara vibaya hata kama halijawa kipara.

Cheni hukazwa kupita kiasi na wengi wanaodhani kwamba wanajihadhari. Mzigo unapoididimiza sehemu ya nyuma, cheni huzidi kukazika na kuziumiza beringi, kwa hiyo iachiwe ulegevu unaotajwa katika kitabu cha pikipiki, na ipakwe mafuta jioni ingali na joto la safari. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewani, na katika mteremko mrefu unyevu huo huweza kugeuka mvuke na kuifanya breki ibonyee bila kushika; ndiyo maana watengenezaji wengi huelekeza yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Vitu vizito vikae chini na karibu na mwendeshaji, kwa uzani unaolingana pande zote mbili. Sanduku zito lililotundikwa nyuma kabisa hulipunguzia gurudumu la mbele uzito, na usukani huanza kuyumba mwendo unapoongezeka. Kabla ya siku ya kuondoka, endesha kwa saa moja ukiwa na mzigo wote, ujaribu breki mahali pasipo na magari, na ukirudi ukaze upya kila kamba.

Ratiba ipangwe kwa saa na si kwa kilomita. Pumzika angalau kila baada ya saa 2 hata kama hujisikii kuchoka, kwa maana uchovu humdanganya mwenyewe: dalili zake ni kupita alama bila kuisoma, kuchelewa kupunguza mwendo kwenye kona, au kutokumbuka kipande cha barabara ulichokipita. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kila sekunde unapita karibu mita 28. Kelele za upepo ndani ya helmeti huharibu masikio na pia huchosha, hivyo vizibo vya masikio, pale sheria inapoviruhusu, vina faida kuliko mapambo mengi yanayouzwa kwa wasafiri. Kunywa maji kabla ya kiu, kwa sababu upepo hukausha jasho kabla hujaliona. Mvua ikianza, dakika za mwanzo ndizo zenye utelezi mkubwa, maji yanapochanganyika na mafuta na vumbi la barabarani. Kusimama kidogo hapo si woga.

Vifaa visiwe vingi: vya kuziba pancha, pampu, spana zinazoingia kwenye pikipiki yako hasa, fyuzi na waya wa klachi. Namba ya ndugu wa kupigiwa simu ibebwe mfukoni mwa jaketi, si kwenye simu tu, kwani simu iliyofungwa haimsaidii mwokoaji. Ndugu huyo aijue njia utakayopita na saa unayotarajia kufika, na mkubaliane achukue hatua gani ukichelewa.