Somo: Kununua Ducati 900SS ya kabureta, na kubadilisha mikanda kabla ya kuiendesha

Wakuu, somo hili linahusu 900SS za kabureta, zilizotengenezwa kuanzia 1991 hadi 1998: sisi (cc) 904, silinda mbili zilizopishana nyuzi 90, zinapozwa kwa hewa na oili. Ducati za miaka ya 70 zilizungusha kamshafti (shafti inayofungua na kufunga valvu) kwa shafti na gia za koni, na kuzipanga zile gia kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi) ni kazi ya siku kadhaa. Fabio Taglioni, injinia wa Ducati, aliondokana na hilo kwenye Pantah 500 ya 1979, akaweka mikanda ya mpira kuzungusha kamshafti. Fundi anayejituma anaweza kuibadilisha asubuhi moja. Lakini mpira huzeeka hata pikipiki ikiwa imelala chini ya turubai, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia: wanaona kilomita chache kwenye dashibodi, wanadhani wameokota dhahabu.

Kabla ya kutoa pesa

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa silinda. Ikiwa ya moto, jiulize anaficha nini. Kisha endelea hivi.

Namba ya fremu iko kwenye shingo (pale usukani unapozungukia) na inaanza na ZDM. Ilinganishe na kadi, na angalia kama chuma pale kimepigwa msasa.

Ukiwa hapo hapo kwenye shingo, washa tochi. Fremu za mwanzoni mwa miaka ya 90 zina sifa ya kupasuka pale mabomba yanapoungana na shingo. Ufa huanza kama mstari mwembamba wa kutu chini ya rangi. Futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo: ufa utabaki na mstari mweusi, mkwaruzo wa rangi hautabaki nao. Kagua pia weldi za mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, hasa karibu na vikaza cheni.

Sasa shuka kwenye silinda. Kila silinda inashikwa na stadi ndefu (bolti zisizo na kichwa), na stadi za miaka ile hushika kutu na kukatika, mara nyingi chini kabisa ndani ya kasha la krenki. Dalili ni oili inayotokeza kwenye gasketi ya chini ya silinda, au nati ya juu inayozunguka bila kukaza. Stadi moja ikikatika, badilisha zote nane; anayebadilisha moja atarudi kufungua tena.

Tangi: harufu ya petroli iliyochacha na kutu ndani maana yake kabureta zitasafishwa, hakuna njia ya mkato. Matairi: soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu. 2310 ni wiki ya 23 ya mwaka 2010. Tairi lenye umri huo si la kuendea barabarani hata kama kashata zake zote zipo.

Iwashe, isipokuwa imelala muda mrefu na mikanda ya zamani. Kelele ya chuma kama sufuria la vijiko unapobana klachi ni kawaida, klachi ni kavu, haiogi kwenye oili. Pima betri kwa multimita injini ikiwa kwenye mizunguko kama 3,000 kwa dakika: unataka volti 13.5 hadi 14.5. Chini ya 13, au juu ya 15, shuku regyuleta au soketi ya waya za njano zinazotoka kwenye alteneta. Ichomoe soketi uitazame. Plastiki iliyogeuka kahawia imeshaungua.

Kuna moja ambayo wengi hawaijui: nati ya gurudumu la uzito, ndani ya kava la alteneta, hulegea. Mlio wake ni kugonga kwa kina kusikofuata valvu, na huzidi ukifunga kaba (mkono wa mafuta) ghafla. Ukiusikia, zima injini na usiiwashe tena hadi kava lifunguliwe.

Mikanda

Desturi ni kubadilisha kila miaka 2 au kilomita 20,000, lolote litakalotangulia. Muuzaji akikosa risiti, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Mkanda ukikatika au ukiruka meno, valvu inakutana na pistoni, na hapo bei ya injini inazidi bei uliyonunulia pikipiki.

Vinavyohitajika: mikanda miwili mipya (ya silinda zote mbili ni ya aina moja), spana za L za milimita 4, 5 na 6, rangi nyeupe ya kalamu, stendi ya nyuma, na injini baridi kabisa. Mkanda mpya usiukunje wala kuugeuza ndani nje. Nyuzi zilizo ndani hukatika bila kuonyesha alama.

1. Chomoa waya hasi wa betri. Toa plagi zote mbili. Inua tairi la nyuma, tia gia ya mwisho. Sasa unaweza kuzungusha injini kwa kusukuma tairi mbele kwa mkono, taratibu.

2. Fungua makava ya mikanda. Bolti zake ni ndogo na zimeingia kwenye alumini. Zikikataa, pasha moto kidogo, usilazimishe.

3. Zungusha hadi alama ya pulei za katikati ikutane na alama ya kwenye kava la injini, na alama za pulei za juu zikutane na zake. Tumia kioo kidogo kwa silinda iliyosimama. Ukikosa shabaha na kupita, usirudi nyuma, zunguka tena.

4. Weka rangi nyeupe kwenye jino la pulei na kwenye mkanda wa zamani palipokutana, kila pulei. Ukishautoa, hesabu meno kati ya alama, uhamishie hesabu hiyo kwenye mkanda mpya.

5. Legeza kikaza, toa mkanda. Kamshafti ya silinda iliyosimama inaweza kujisogeza kidogo. Irudishe kwa upole. Ukikutana na kikomo kigumu, simama, hiyo ni valvu.

6. Zungusha beringi za kikaza na za rola kwa kidole. Inayokwaruza, au inayozunguka muda mrefu bila upinzani wowote kwa kuwa grisi imekauka, badilisha. Wengi huruka hapa, na mkanda mpya hufia kwenye beringi ya zamani.

7. Vaa mkanda mpya, upande usio na kikaza ukiwa umenyooka, ulegevu wote ubaki upande wa kikaza.

8. Kaza hadi spana ya L ya milimita 5 ipite kati ya rola isiyosogea na mkanda kwa kukwaruza kidogo, na ya 6 isipite. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huua beringi. Uliolegea huruka meno.

9. Zungusha krenki mizunguko miwili kamili, rudi kwenye alama. Hapa watu hushtuka: rangi ya kwenye mkanda haipo tena mahali pake! Ni sawa. Mkanda una meno mengi kuliko pulei, kwa hiyo rangi yake husogea kila mzunguko. Alama za pulei ndizo hakimu. Pima tena mkazo, kisha funga.

Marekebisho yenye maana

Anza na sproketi ya mbele. Ya kiwandani ni 15 mbele na 37 nyuma. Ukiweka 14 mbele, gia hufupika kama asilimia 7 na injini inaacha kukurupuka kwenye mwendo wa taratibu. Pili, nyaya nene za starta. Tatu, shokamzoba iliyopangwa kwa uzito wako. Kabureta za FCR (za Keihin, za mtindo wa mashindano) ni tamu kweli, lakini kwenye injini isiyopimwa valvu ni mapambo. Na kila unachotoa, kihifadhi kwenye boksi. Mnunuzi anayefuata atauliza.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimepata moja ya kilomita 9,000, imelala miaka 12, mikanda ni ile ile. Muuzaji anataka kuiwasha mbele yangu ili nisikie. Nikubali?

Jibu: Usikubali. Mkanda uliokaa umejikunja kwenye rola muda wote huo umeshika umbo, na mara nyingi hukatika ndani ya dakika za mwanzo. Ukiitaka, elewaneni bei ya injini isiyowaka. Kisha mikanda mipya, matone machache ya oili kwenye matundu ya plagi, zungusha kwa mkono, ndipo starta.

Swali: Klachi haiachii vizuri, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Sahani zimeisha?

Jibu: Anza na silinda ya chini ya klachi, upande wa sproketi. Sili zake huvuja sana. Fungua kava la sproketi, ukiona majimaji yamechanganyika na grisi ya cheni, ndiyo hiyo. Badilisha sili au silinda nzima, tia majimaji mapya ya breki ya DOT 4, toa hewa. Ikibaki vile vile, angalia kikapu cha klachi: sahani huchimba mifereji kwenye kuta zake na kukwama humo.

Swali: Inazunguka polepole sana kuwaka, betri mpya. Starta imekufa?

Jibu: Mara chache. Nyaya za kiwandani ni nyembamba. Pima volti kutoka nguzo chanya ya betri hadi kwenye starta ukiwa unabonyeza swichi. Ikizidi nusu volti, waya au maungio ndiyo tatizo. Rudia upande wa hasi hadi kwenye bodi ya injini.

Swali: Kupima valvu naweza mwenyewe? Nimesikia desmo ni ya mafundi wa kiwandani tu.

Jibu: Kupima unaweza, fila geji tu (vibao vyembamba vya kupimia nafasi). Desmo haina springi kali ya kurudisha valvu. Kuna mkono wa kuifungua na mwingine wa kuifunga, kila mmoja na shimu yake. Wa kufungua lenga milimita 0.10 hadi 0.12, wa kufunga 0.03 hadi 0.05. Kinachosumbua ni vile vipete nusu-nusu vinavyoshika shimu ya kufungia: vikilika, nafasi ya kufunga inaongezeka. Ukiweka vipya, pima tena baada ya kilomita 1,000, maana vitakaa sawa na nafasi itabadilika.

Swali: Na Ducati 916 je? Ni nzuri zaidi kwa macho.

Jibu: Kwa macho hakuna ubishi, Tamburini, aliyeibuni, alijua kazi yake. Lakini ina valvu nane, maji ya kupoza, na mikono ya valvu ambayo kromu yake hubanduka. Dai kuona mikono hiyo kwa macho yako, au risiti ya iliyobadilishwa. Ukinyimwa vyote viwili, punguza kwenye ofa yako gharama ya kubadilisha yote kumi na sita.

Swali: Yangu inazima nikiwa kwenye baridi yenye unyevu, nikisimama dakika kumi inawaka yenyewe. Nimesafisha jeti mara tatu.

Jibu: Acha jeti. Hiyo ni barafu inayojijenga ndani ya koo la kabureta. Ukisimama, joto la injini linaiyeyusha. Kuna kifaa kinachopitisha oili ya moto kwenye miili ya kabureta, kilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo hilo.