Kava ya matibabu ya kampuni ikibadilika mwakani: namna ya kuivusha bila mtu kukwama hospitalini

Saa nne usiku, wiki ya pili ya Januari, dereva wetu mmoja alinipigia simu akiwa kwenye kaunta ya hospitali. "Dada, mtoto hayuko kwa mfumo." Mtoto alikuwa na wiki tano, anahema kwa shida. Baba yumo kwenye kava, mama yumo. Fomu ya kumwongeza mtoto ilikuwa kwenye droo yangu, imejazwa vizuri kabisa, ikisubiri cheti cha kuzaliwa. Amana ililipwa kwa M-Pesa za watu wanne.

Ninashughulikia wafanyakazi katika kampuni ya usambazaji huko Industrial Area, Nairobi, na kava yetu huanza upya kila tarehe 1 Januari. Tangu usiku ule nafuata utaratibu huu. Kama yako huanza Julai, hesabu miezi kurudi nyuma.

Hatua ya 1: Oktoba, omba ripoti ya madai

Mwandikie dalali wako wa bima akupe ripoti ya madai ya mwaka mzima, iliyogawanywa: kulazwa, wagonjwa wa nje, uzazi, meno, macho. Usisubiri aje na bei ya mwaka ujao mkononi. Tuseme mlilipa bima milioni 8 na madai yamefika milioni 7.2. Hiyo ni asilimia 90, na kampuni ya bima itataka kupandisha. Lakini ukiona sehemu kubwa ya madai hayo ni mgonjwa mmoja aliyefanyiwa upasuaji ambao hautarudiwa, una hoja ya kupeleka mezani. Bila ripoti unabaki kulialia.

Hatua ya 2: Soma jedwali la faida mstari kwa mstari

Hapa ndipo nawaomba mkae. Chapisha jedwali la mwaka huu na la mwaka ujao, yaweke kando kwa kando, chukua kalamu nyekundu. Bei hupunguzwa kwa njia ambazo tarakimu kubwa haizionyeshi.

Mwaka mmoja tuliletewa jedwali ambalo meno yalikuwa 20,000 kama zamani. Nikapita. Niliporudi mara ya pili ndipo nikaona mstari wa macho, nao wa 20,000, haupo tena. Umemezwa na ule wa meno. Mtu akiziba meno mawili, miwani ajinunulie. Angalia pia neno "kwa kila mtu" lisigeuke "kwa familia". Laki moja ya kila mtu kwenye familia ya watu wanne ni laki nne; ikigeuka ya familia, mtoto mmoja mwenye pumu anaweza kuimaliza kabla ya Agosti.

Mengine ninayoyapigia mstari: hospitali zilizotolewa kwenye orodha (tazama hasa zile zilizo karibu na watu wanakoishi, hospitali ya Upper Hill haimsaidii mtu wa Utawala saa nane usiku), kiasi ambacho mgonjwa anatoa mfukoni kila aendapo kwa daktari, muda wa kungoja kwa anayejiunga upya, na kiwango cha magonjwa sugu kama kisukari na presha. Hicho cha mwisho watu hawaulizi kwa sauti, kwa hiyo uliza wewe kwa niaba yao.

Mimi nikilazimishwa kuchagua, nakubali watu walipe shilingi 500 kila waendapo kwa daktari kuliko kukata kiwango cha kulazwa. Wenzangu wa fedha hawaoni hivyo, na tumebishana miaka.

Hatua ya 3: Hakikisha SHA iko sawa

SHA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayosimamia bima ya afya ya umma, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024. Makato ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, yasipungue shilingi 300 kwa mwezi, na hayana kikomo cha juu. Mwenye 60,000 anakatwa 1,650; enzi za NHIF alikuwa akitoa 1,300. Mwenye laki mbili aliruka kutoka 1,700 hadi 5,500, na huyo ndiye anayekuja ofisini kwangu akiuliza kwa nini kampuni haitoi nusu. Sheria haimtaki mwajiri achangie. Kazi yake ni kukata na kupeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Kwa nini hili limo kwenye mwongozo wa kava ya binafsi? Kwa sababu bima nyingi za makampuni huhesabu kwamba mtu akilazwa SHA italipa sehemu yake kwanza. Asipokuwa amejisajili, au mke hayumo chini yake, pengo linabaki kwake. Novemba napita meza kwa meza. Kila mtu anabonyeza *147#, namba ya SHA, kwenye simu yake mbele yangu, tuone kama amesajiliwa.

Hatua ya 4: Orodha ya wategemezi

Usitumie orodha ya mwaka jana. Mpe kila mtu karatasi yenye majina yaliyomo na aweke sahihi, hata kama hakuna kilichobadilika. Watu huoa, huachana, huzaa, hufiwa, na si wote watakuja kukuambia.

Mtoto mchanga: usingoje cheti. Karatasi ya kuarifu kuzaliwa inayotolewa na hospitali inatosha kuanzia kwa bima yetu, cheti hufuata. Muulize dalali kama yenu inakubali, na akujibu kwa barua pepe.

Mtoto aliyevuka miaka 18: kwa kawaida hubaki kwenye kava akiwa bado anasoma, ila kwa barua ya chuo. Desemba ofisi za vyuo zimefungwa na wazazi wako mashambani. Barua hiyo itafutwe Novemba.

Wake wawili: sheria ya ndoa ya 2014 inatambua ndoa za kimila na za Kiislamu za wake zaidi ya mmoja, lakini jedwali la bima mara nyingi lina nafasi ya mmoja. Zungumza na mhusika faraghani, mpe bei ya kumwongeza wa pili kwa gharama yake, aamue mwenyewe. Usimtangazie kwenye mkutano.

Na tafadhali, fomu zenye magonjwa ya watu zisipitie kundi la WhatsApp. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Hatua ya 5: Likizo za familia

Hizi bima haihusiki nazo, lakini mwaka ukigeuka mifumo ya likizo huanza upya na watu hupunjwa. Mama ana miezi mitatu kwa mshahara kamili, baba wiki mbili, anayeasili mtoto mwezi mmoja. Mama hapotezi likizo yake ya mwaka kwa kuwa alichukua ya uzazi. Kagua siku zake kwa mkono.

Hatua ya 6: Waambie kwa maandishi

Ukurasa mmoja, Kiswahili, safu mbili: ilivyokuwa, itakavyokuwa. Kilichopungua kiwe juu. Kama faida hiyo imeandikwa kwenye mkataba wa kazi, sheria ya ajira inakutaka ushauriane na mfanyakazi kisha umwandikie badiliko lenyewe. Tangazo ubaoni halitoshi.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya mgonjwa kujaribu

Asubuhi ya tarehe 2 Januari nachukua majina kumi: watoto wachanga wote, wake wapya, na wachache wa kubahatisha. Napigia dawati la bima la hospitali mbili zilizo kwenye orodha, nauliza kama wanaonekana kwenye mfumo. Asiyeonekana, dalali anapata simu yangu kabla ya chai ya saa nne.