Kampuni ndogo ya kutafuta mafuta: anza na fedha, mapipa baadaye

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha uwekezaji kilikutana Njiro. Chai haijamiminwa, mama mmoja anayeuza vitenge Soko Kuu akanisogezea simu. "Kaka, hawa wana mapipa milioni 800, na hisa yao ni senti nne za dola. Tunangoja nini?" Nikamuuliza mapipa hayo yako wapi. "Si yameandikwa hapa, ukurasa wa tatu!"

Mimi ni mhasibu, mambo ya miamba nimejifunza njiani. Huu ndio utaratibu ninaoufuata nikiletewa makabrasha ya kampuni ndogo ya utafutaji. Unamaliza jioni moja, umeme usipokatika.

Hatua ya 1: Hesabu miezi iliyobaki

Ruka picha za mitambo. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, tafuta fedha taslimu za mwisho wa kipindi, kisha uone kiasi kilichotumika kwa robo mwaka. Gawanya. Tuseme wana dola milioni 2.4 na wanatumia 600,000 kila robo: wamebakiwa na mwaka mmoja. Sasa tafuta gharama ya kisima wanachoahidi. Kama ni dola milioni 12, basi kisima hicho bado hakina wa kukilipia.

Sisi wa Arusha tunalijua hili bila vitabu. Sponsa wa Mirerani, yule anayegharamia shimo la tanzanaiti, hulisha wanaapolo (wachimbaji), hununua baruti na dizeli ya kompresa, miezi hata miaka, jiwe halijaonekana. Mawe yanaweza kuwa hatua tatu mbele. Yeye akiishiwa, shimo linasimama, na anayekuja na fedha mpya ndiye anayepanga mgawo upya. Tofauti ni kwamba sponsa anaweza kwenda mgodini akatazama. Wewe unaletewa PDF.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kisu

Hapa ndipo niliumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kampuni isiyouza kitu hupata fedha kwa kuuza hisa mpya, na mara nyingi huziuza chini ya bei ya soko ili wanunuzi wapatikane. Chukua kampuni yetu ya mfano: hisa milioni 300, bei senti nne, thamani yote dola milioni 12. Wewe una hisa milioni 3, yaani asilimia 1. Inahitaji milioni 10 ili ichimbe, nayo inauza kwa senti tatu. Hizo ni hisa mpya karibu milioni 333. Jumla inakuwa milioni 633, na asilimia yako 1 imekuwa 0.47 kabla kekee haijagusa ardhi. Hujauza hata hisa moja, lakini keki yako imekatwa.

Kampuni niliyonunua mimi ilifanya hivyo mara mbili, kisha kisima kikatoka kikavu. Na dalili ilikuwepo. Kwenye ripoti ya mkaguzi palikuwa na aya moja kuhusu "mashaka makubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake". Niliisoma nikapita, nikidhani ni lugha ya kawaida ya wakaguzi. Mhasibu mzima!

Kwa hiyo andika idadi ya hisa za mwaka huu na za miaka mitatu nyuma, mstari mmoja. Ikiwa zimeongezeka maradufu na kitalu (eneo walilopewa leseni ya kutafuta mafuta) bado ni kilekile, uliza fedha zilikwenda wapi. Linganisha mishahara ya wakurugenzi na fedha zilizoingia ardhini.

Hatua ya 3: Uliza mapipa ni ya aina gani

Kuna madaraja matatu. Rasilimali tarajiwa ni makadirio tu, hakuna kisima kilichothibitisha. Rasilimali zenye masharti zimegunduliwa, ila bado kuna kikwazo: soko, bomba, fedha au kibali. Akiba ndiyo inayoweza kuzalishwa kwa faida. Milioni 800 za yule mama zilikuwa daraja la kwanza.

Kisha tafuta uwezekano wa kufanikiwa. Lazima kuwe na mwamba uliozalisha mafuta, mwamba wa kuyahifadhi, mtego, na kifuniko cha kuyazuia yasivuje. Ukikadiria 0.6, 0.6, 0.5 na 0.6, kila kimoja kinapendeza. Zizidishe: 0.108. Takriban nafasi moja katika tisa. Kampuni nyingi huonyesha namba zile nne na kuiacha ya mwisho uitafute mwenyewe.

Hatua ya 4: Weka miaka halisi

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kuzalishwa 2004. Uganda walitangaza mafuta ya kibiashara 2006, na bado bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lilihitajika. Ntorya kule Mtwara gesi ilionekana 2012. Leseni ya uendelezaji ilitoka 2024. Ukiona wasilisho linaloahidi mauzo "miezi 18 baada ya kisima", cheka kwanza.

Hatua ya 5: Tafuta mbia

Kwangu hii ndiyo ishara nzuri kuliko zote: kampuni kubwa zaidi kukubali kulipia kisima kwa kupewa sehemu ya kitalu. Aminex, kampuni ndogo ya utafutaji, ilifanya hivyo Ntorya; mwaka 2020 ARA Petroleum ya Oman ilichukua sehemu kubwa, Aminex ikabaki na asilimia 25 na kubebewa gharama hadi kiwango walichoafikiana. Sehemu inapungua, lakini kuna mtu mwenye wajiolojia wake aliyezitazama data za mitetemo (vipimo vinavyoonyesha miamba ya chini) na kufungua pochi. Kampuni "inayozungumza na wabia" mwaka wa tatu mfululizo, jua waliotazama wameondoka.

Hatua ya 6: Leseni na dalali

Hii ni fupi. Kwa kitalu cha Tanzania, thibitisha kwa PURA, mamlaka ya udhibiti wa utafutaji na uzalishaji wa mafuta na gesi, nani mwenye leseni na inaisha lini. Dalali anayekuuzia hisa hapa awe na leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana. Anayekutaka utume fedha kwa namba yake binafsi, mfutie namba.

Yule mama tulikaa naye, kikokotoo cha simu mkononi, tukafanya hatua mbili za kwanza. Fedha zao zinaisha Machi. Akalifungua daftari la wanaodaiwa vitenge, akaandika jina la kampuni chini ya orodha, na pembeni: "Aprili, hisa ngapi?"