Ukiitwa kwa mgonjwa anayeelekea mwisho

Wapendwa, ukiitwa kumwombea mtu ambaye madaktari wameshasema hawana la zaidi, usiende na kwaya nzima. Nendeni wawili. Vuta kigoda ukae uso wako ulingane na wake, mshike mkono, kisha nyamaza kwanza. Halafu muulize, "Mama, leo moyo unawaza nini?" Mara nyingi atakutajia watoto, deni, au ndugu waliyekosana miaka mingi. Hapo ndipo pa kuanzia. Kama kuna wa kupatana naye, mpigieni simu siku hiyohiyo, msingoje Jumapili.

Nakuomba sana, usimwambie "ukiwa na imani utapona." Akizidiwa ataondoka akidhani Mungu amemkataa. Yule mhalifu pale msalabani hakuahidiwa kushushwa. Aliahidiwa kuwa na Yesu peponi siku ileile (Luka 23:43). Msomee maneno hayo, au Zaburi ya 23, polepole, na ikiwezekana kwa lugha ya kwao. Nimemwona bibi aliyekuwa kimya tangu asubuhi akaanza kutikisa midomo aliposikia zaburi kwa Kisukuma.

Akiugulia maumivu, simamisha sala umwite muuguzi. Mofini ya maji ni dawa ya kutuliza maumivu makali, na kuinywa si kukosa imani. Waelezee na nduguze.

Hata asipojibu, sema naye karibu na sikio, huenda bado anasikia. Midomo ikikauka, ilowanishe taratibu kwa pamba yenye maji safi, na kabla ya kuondoka mwambie utarudi lini. Kisha urudi kweli.