Mtoto wa kike ana mwili mkubwa na maziwa yameanza kuchomoza mapema, fanya hivi

Wamama wenzangu wa Moshi na Arusha, hii naandika kwa sababu mwaka jana binti yangu alikuwa na miaka 8 na miezi kadhaa, namuogesha nikaona kifua kimeanza kujaa, nikachanganyikiwa kabisa maana mimi mwenyewe nilivunja ungo na miaka 15 huko Kibosho. Jirani akaniambia ni unene tu mnyime chakula cha usiku, na mimi nikamsikiliza, wiki mbili mtoto analala na uji mwepesi na asubuhi namkuta anakomba sukari kwenye kopo. Naumia mpaka leo nikikumbuka, usifanye nilichofanya mimi.

Kwanza jua umri. Mtoto wa kike kuota maziwa kati ya miaka 8 na 13 ni kawaida, na damu ya kwanza huwa inafuata baada ya kama miaka 2 au 3 hivi, kwa hiyo kifua kikichomoza usidhani kesho anaingia piriodi.

Afu hakikisha ni ziwa kweli maana mtoto mnene anaweza kuwa na mafuta tu kifuani. Mwambie unataka kufanya nini, akikubali mguse taratibu chini ya chuchu. Ziwa linaloanza linakuwa na kitu kigumu kama kifungo cha shati na mara nyingi linauma akigongwa, mafuta yenyewe ni laini kote. Likianza upande mmoja usishtuke, lingine linakuja baada ya miezi kadhaa.

Sasa uzito. Kumwangalia kwa macho haitoshi, kwetu mtoto bonge anasifiwa kwamba mama yake anamtunza, kwa hiyo pima. Mpime kilo asubuhi, mpime urefu ameegemea ukuta bila viatu, halafu chukua kilo gawanya kwa urefu wa mita mara urefu wa mita. Wangu alikuwa kilo 32 na mita 1.28, nikapata 19.5 nikafurahi eti yuko chini ya 25, kumbe 25 ni ya watu wazima!! Mtoto wa kike wa miaka 8 kawaida anacheza kwenye 15 na 16, ikipita 18 uzito umeshazidi, ikipita 21 huo ni unene wenyewe. Andika kwenye daftari na urudie kila miezi 3, kinachokupa picha ni mwendo, kipimo cha siku moja hakitoshi.

Kwa nini unene unavuta balehe mbele? Mafuta ya mwilini yanatoa homoni inaitwa leptini, hiyo inaupelekea ubongo taarifa kwamba akiba ya kutosha ipo, na ubongo ukiridhika unaruhusu kubalehe kuanza, ndo maana mtoto aliyekonda sana kwa njaa au ugonjwa anachelewa. Mwaka 1970 Rose Frisch na Roger Revelle kule Marekani walisema msichana anavunja ungo akifika kama kilo 47, baadaye ikaonekana hakuna kilo moja inayowafaa wote, lakini kwamba mafuta yanachangia hilo limebaki. Ila sio unene peke yake, damu ya ukoo ina nguvu sana, muulize mama yako na mashangazi wa upande wa baba walivunja ungo na miaka mingapi.

Nyumbani usimshindishe mtoto na njaa. Chakula kibaki kilekile, mtori, ndizi, maharage, mboga ya majani, sahani tu ipungue kidogo na kwa wote mezani, asionekane yeye ndo mgonjwa. Nilichotoa kabisa ni soda na juisi za paketi za kila siku, na chips za jioni zikawa za Jumamosi tu. Halafu mwili utembee, sisi tulikuwa tunapanda na kushuka milima kwenda shule, hawa wanabebwa na basi mlangoni mpaka mlangoni, lisaa limoja la kuruka kamba, rede au kutumwa dukani linatosha kwa siku. Mtoto bado anarefuka kwa hiyo mara nyingi lengo sio kushusha kilo, ni zisiongezeke haraka wakati urefu unaenda.

Hospitali usisubiri kama maziwa au nywele za siri zimeanza kabla ya miaka 8, au damu imetoka kabla ya 10, au anaumwa kichwa sana au macho yanafifia, au amekuwa anapaka krimu zako au kumeza vidonge vya uzazi wa mpango bila wewe kujua. Anza kituo cha afya cha karibu, wakiona inabidi watakupa rufaa, huku kwetu mara nyingi ni KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi. Usishangae wakimpiga picha ya mkono, wanaangalia umri wa mifupa, maana balehe ikiwahi sana mifupa inafunga mapema na mtoto anabaki mfupi. Kuna sindano za kuisimamisha kwa muda kwa wanaohitaji, na daktari ndo anaamua.

Mwili umekua ila akili bado ya miaka 8, usimpe kazi za mdada, usimruhusu mjomba au fundi amtanie kifua. Wangu nilimweleza kuhusu damu mapema tukiwa tunachambua mchicha wawili tu, nikamwekea pedi 2 na chupi kwenye begi, na matroni wa shule anajua.